Aliyejua Njaa ya Ndama

Huyu bwana hakuwa mtu wa salamu. Akiingia uani kwako anaegemeza baiskeli kwenye mgomba, anakupita wewe uliyesimama mkono umeunyoosha, anakwenda moja kwa moja zizini. Atamtazama ndama macho, atamvuta ngozi ya shingo na kuiachia, atapitisha kiganja mgongoni kinyume cha manyoya. Ndipo anageuka. Ndama akiwa mzuri atakwambia, "Mwakeye," salamu yetu Waha ya asubuhi, hata kama jua limekwisha kupinduka. Ndama akiwa mbaya utasikia, "Nani anakamua hapa?" Na ukiulizwa hivyo ujue siku yako imeharibika.

Tulimwita Bwana Mifugo, kama wanavyoitwa wote wa kazi ile. Jina alikuwa nalo, ila mimi sitalitaja. Si kwa heshima. Ana watoto, na wao hawajanikosea kitu.

Kijiji chetu kiko upande wa Kagerankanda, wilaya ya Kasulu, na yeye alikuwa anakuja kila Jumamosi kutoka Rungwe Mpya alikopangishiwa chumba. Alikuwa na utepe wa kupimia kama ule wa fundi cherehani, ila huu umeandikwa kilo badala ya inchi. Unauzungusha kifuani kwa ndama, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, unasoma uzito. Akishasoma anaandika kwenye daftari: mama wa ndama, rangi, kilo, wiki hii na wiki iliyopita. Ndama wa kijiji kizima walikuwamo kwenye daftari lile. Sisi wenye ndama hatukuwamo. Mimi aliniandika "binti wa kahawia mwenye baka," yaani binti wa nyumba yenye ng'ombe wa kahawia na ndama mwenye baka.

Somo lake kubwa lilikuwa la chuchu. Ng'ombe ana chuchu nne, alisema, tatu zako na moja ya ndama, na ukiikamua ya nne umemwibia mtoto. Alilisema kanisani baada ya misa, alilisema kwenye mikutano ya kijiji, alilisema penye pombe. Tena hakuamini mtu. Anapita asubuhi mmekwisha kukamua, anachuchumaa, anashika kiwele kwa mkono wake kuona kama mmeacha kitu. Mzee mmoja jirani yetu alikasirika akamwambia ng'ombe ni wake na atamkamua mpaka aridhike. Bwana Mifugo akamuuliza mbele ya wakwe zake, "Mkeo akijifungua, utamkamua pia?" Yule mzee hakumsemesha mwaka mzima. Lakini chuchu ya nne aliiacha.

Somo la pili lilikuwa la kiangazi. Sisi tulidhani ndama akishaanza kwenda malishoni na wenzake, kazi yako imekwisha. Majani yapo, mdomo anao. Yeye alikuwa anatupeleka mpaka kilimani mwezi wa nane, anang'oa nyasi, anakuwekea mkononi. "Tafuna," anasema. Na alimaanisha utafune kweli. Ukitafuna unakuta mabua matupu, huwezi hata kumeza. "Sasa mkubwa ana tumbo la pipa, atakula haya kutwa nzima apate chochote. Huyu tumbo lake ni kibuyu. Linajaa kabla hajapata kitu." Kwa hiyo ndama lazima apewe cha kuongezea asubuhi kabla hajatoka: pumba za mahindi, kopo moja la mashudu ya mise, yaani makapi ya kokwa za michikichi baada ya kukamuliwa mafuta, dagaa wachache waliotwangwa, chumvi ya Uvinza. Kidogo tu, lakini kila siku. Neno hilo, kila siku, alilisema huku anagonga kiti cha baiskeli.

Na alitenda alichosema, sitamnyima haki yake. Mise haiko kwetu juu. Iko bondeni kuelekea ziwani, na yeye alikuwa anafunga gunia la mashudu kwenye baiskeli na kulisukuma kwenye vilima vyote vile, jasho linamtoka mpaka viatuni. Nimemwona akivua shati lake, lile moja la kazi, kumfutia ndama aliyezaliwa kwenye baridi. Nimemwona akikataa kula kwetu kwa sababu ng'ombe alikuwa hajanyweshwa.

Mtu huyohuyo hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Maziwa hayanywi, yanamvuruga tumbo. Mbwa wetu, mbwa koko asiye na meno, alimfanya apande juu ya kichuguu. Mke na watoto alikuwa nao Kakonko, na walikuwa wanamwona Pasaka na Krismasi kama askofu. Mara moja mkewe alikuja na lori kumfuata, mtoto mchanga mgongoni, akamkuta kwetu anapima. Alimaliza kupima kwanza. Aliandika. Kisha akamwambia mama yangu, mbele ya mkewe, "Huyu ndama wako ameongeza kilo nne," na uso wake ulikuwa na furaha ambayo yule mwanamke hakuipata. Niliona alivyoangalia chini.

Sasa niseme habari ya ng'ombe wetu, maana bila yeye hutaelewa kwa nini nina uchungu.

Kwetu Uha ng'ombe anagabiwa. Mwenye wengi anakupa mmoja ufuge. Maziwa ni yako, mbolea ni yako. Ndama jike wa kwanza unamrudishia mwenyewe, akiwa ameachishwa ziwa, anatembea kwa miguu yake, ana afya. Siku hiyo watu wanakunywa pombe na yule mama ng'ombe anakuwa wako moja kwa moja. Ndama jike akifia mikononi mwako, unaangaliwa. Akifa wa pili, mwenye ng'ombe anakuja kuchukua ng'ombe wake, maana huna mkono wa mifugo, na hakuna wa kukugabia tena.

Mama yangu alikuwa mjane. Aligabiwa yule wa kahawia na mzee mmoja rafiki wa marehemu baba. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, na mtoto wa kiume wa miezi minane ambaye maziwa yangu yalikuwa yamemkaukia. Yaliyompa uhai mwanangu ni maziwa ya ng'ombe yule. Wote pale nyumbani tulilijua hilo bila kulisema.

Ndama jike wa kwanza alitufia, na tulimuua sisi. Tulikuwa tunamenya muhogo kwa ajili ya udaga, ule muhogo wa kuloweka na kuanika, maganda yako tele, tukayaanika na kumpa ndama. Anakula, tumbo linajaa, tunafurahi. Bwana Mifugo alikuwa kwenye semina mwezi mzima. Aliporudi alimkuta ndama ana tumbo kubwa, miguu kama fito, manyoya yamesimama na yamegeuka rangi, mekundumekundu kama kutu. Mama akamwambia kwa majivuno kwamba ameshiba tangu asubuhi.

"Ameshiba, ndiyo," alisema Bwana Mifugo. "Muhogo unashibisha. Haujengi kitu. Mnamwona amejaa kumbe anakufa na njaa."

Akatuonyesha kimoja kimoja: tazama rangi ya manyoya, bonyeza hapa mguuni uone shimo linabaki, tazama asivyo na hamu ya kucheza. Yule ndama alikufa baada ya siku tisa. Mwenye ng'ombe alikuja, akakaa, akanywa uji, akasema, "Mungu atatupa mwingine." Kisha akamwangalia mama muda mrefu kidogo.

Mwingine alizaliwa mwaka ule Warundi walipokuja kwa wingi. Jike, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Bwana Mifugo akamfanya wake. Safari hii, alisema, mama yako hatanyang'anywa ng'ombe nikiwa hai. Alimpima kila Jumamosi, mashudu yakaja, ndama akapanda uzito vizuri mpaka mwezi wa saba. Halafu malori ya kambi ya wakimbizi yakaharibu barabara ya bondeni, daraja likaenda, na wachuuzi wa mise wakawa wanauza hukohuko ziwani. Gunia halikuja. Dagaa wakapanda bei hata watu hawakula, sembuse ndama. Jumamosi moja utepe ukasoma kilo zilezile za wiki iliyopita. Jumamosi iliyofuata ukasoma pungufu. Bwana Mifugo alirudia kupima mara tatu.

Ni yeye aliyeleta wazo la unga wa lishe. Kambini watoto waliokonda walikuwa wanapewa kadi. Kila wiki mama anampeleka mtoto, anapimwa, anapewa unga wa njano wa mahindi na soya, wa kumpikia uji. Unga ule ulikuwa unatoka kambini kwenye vifuko na kuingia vijijini, kila mtu alikuwa anaona. Bwana Mifugo aliuonja kwa ulimi, akausugua vidoleni.

"Hii ni mashudu na zaidi ya mashudu," alisema. "Kopo moja asubuhi. Kila siku."

Aliyetuletea alikuwa mwanamke mmoja Mrundi tuliyemwita Mama Fidesi, kwa jina la bintiye mkubwa. Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu, hatukuhitaji mkalimani. Anafika, "Amahoro," anakaa kwenye mkeka na mama yangu kama wamekulia mtaa mmoja. Alikuwa na watoto watano. Wanne wanatembea, na mmoja mgongoni, wa miaka miwili hivi, mwenye kadi. Hakutaka hela. Alitaka unga wa muhogo. Kopo moja la lishe, sisi tunampa makopo matatu ya muhogo.

"Huu wa kwao ukiupikia watoto wanne, unakwisha siku mbili," alimwambia mama. "Na wanalia njaa jua halijafika kichwani. Muhogo unakaa tumboni, watu wanatulia."

Nani aliyempimia muhogo? Mimi. Kwa mikono hii. Na nilikuwa najaza kopo kwa kishindo ili aone mimi si mchoyo.

Ndama alirudi. Wiki ya kwanza kilo mbili, ya pili tatu, manyoya yakalala yakaanza kung'aa. Bwana Mifugo alikuwa anacheka peke yake akiandika. Mama akaanza kuimba jikoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu baba afe. Mwanangu alikuwa anakimbia zizini anashika mkia wa ndama, wote wawili wamenona.

Na yule wa mgongoni alikuwa anabadilika. Nasema sasa, wakati ule sikujiambia hivyo. Nywele zake zilikuwa nyeusi, zikawa za rangi ya vumbi, kisha nyekundu. Miguu yake ikavimba, ukaona amenenepa. Hakuwa analia. Anawekwa chini kwenye mkeka, anakaa hapo alipowekwa, anaangalia kuku. Jumamosi zote zile Bwana Mifugo alikuwa hatua tano kutoka kwake, amemkumbatia ndama kwa utepe. Alikuwa mtu wa kuona ndama mgonjwa kutoka ng'ambo ya mto. Mara moja nilimwona amesimama anamtazama yule mtoto, kalamu iko mkononi, kama anayetaka kuandika. Kisha akageuka akaniuliza kama nimempa ndama maji safi.

Kijijini watu walikuwa wanasema Mama Fidesi anamkondesha mtoto makusudi ili kadi isifungwe, maana mtoto akipona unga unakatwa. Na mimi nilisema. Nilisema kisimani, kwa sauti. Ukishasema hivyo unaweza kuendelea kupokea unga wa mtu.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Fidesi alikuja mgongo wazi. Kitenge cha kubebea amekifunga kiunoni. Alitoa kifuko akakiweka mkekani, akasema, "Huu ndio wa mwisho. Kadi wameichukua."

Mama hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani akatoka na ndoo nzima ya muhogo, akampa. Mama Fidesi akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru sana, na ile shukrani nimeshindwa kuisahau. Bwana Mifugo alikuwapo. Alikuwa amepiga goti moja, utepe umezunguka kifua cha ndama. Hakunyanyua kichwa. Akasoma kilo, akaandika.

Ndama tulimpeleka kwa mwenyewe mwezi uliofuata, na baka lake jeupe, ameoshwa, amepakwa samli. Wazee walimshika wakamsifu. Yule wa kahawia akawa wetu. Na siku ya wakulima mwaka uliofuata Bwana Mifugo aliomba ndama yule aletwe, akasimama naye mbele ya watu wa wilaya, akawaeleza siri ya kumvusha ndama kiangazi: pumba, mashudu ya mise, dagaa, chumvi. Alitaja vyote isipokuwa kimoja. Walimpigia makofi, wakampa jembe na fulana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mwanangu kiunoni, na kuanzia siku ile nikamchukia. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alihamishwa, akastaafu, nikaendelea kumchukia. Mtu mwingine pale hakusomea njaa. Yeye alisomea. Sisi tulikuwa wajinga, nilijiambia, na yeye alikuwa anajua.

Mwaka jana nilipeleka maharage Kibondo, nikasikia yuko Kakonko anaumwa miguu. Nikapanda lori. Sikujua nitasema nini, nilitaka tu akiri kwa mdomo wake.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, amekonda, anachambua mchele. Mkewe alinikaribisha, akaingia ndani asitoke tena. Bwana Mifugo alinitambua upesi.

"Binti wa kahawia mwenye baka," alisema. "Ng'ombe anazaa bado?"

"Amezaa wa sita."

"Chuchu ya nne mnaacha?"

"Tunaacha." Nikakaa. "Bwana Mifugo, nimekuja na swali moja. Yule mtoto wa Mama Fidesi, ulimwona?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hakujifanya hakumbuki, hilo nilitegemea na halikuja.

"Nilimwona."

"Na ulijua?"

"Nywele zimegeuka, miguu imevimba, hachezi. Wewe mwenyewe nilikuonyesha yote hayo kwa ndama wenu wa kwanza. Ningekosaje kujua?"

Nikasikia hasira inanipanda mpaka masikioni. "Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani? Mimi nilikuwa pale kila Jumamosi."

"Nilimwambia mama yako."

Nikaokota punje ya mchele iliyoanguka chini, nikairudisha kwenye ungo.

"Ni yeye aliyeniuliza," alisema. "Ulikuwa umekwenda kisimani. Aliniita nyuma ya zizi, akaniuliza, yule mtoto ana nini? Nikamwambia, anakula muhogo wako, na ndama wako anakula uji wake. Hivyo hivyo. Nikamwambia bado kuna muda, akirudishiwa uji wiki mbili tatu atainuka. Kisha akaniambia, ndama akifa ng'ombe anaondoka. Ng'ombe akiondoka, mjukuu wangu atakunywa nini? Akasema, yule wa mgongoni ana mama yake. Akaniomba nisikwambie wewe. Alisema wewe una moyo mwepesi, ungeurudisha unga."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilikuja Jumamosi, nikapima." Akaanza tena kuchambua mchele, polepole. "Nilitaka ndama yule aishi. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Hiyo ndiyo yangu mimi, niibebe. Lakini usinibebeshe na ya mama yako, mzigo ni mzito na miguu sina."

Sikumuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa natafuta siku ambayo mimi sikujua. Nilitafuta kutoka Kakonko mpaka Kasulu, na kila siku niliyoishika nilimwona yule mtoto amekaa mkekani, na mimi napita na kopo.

Nilifika nyumbani jioni. Mwanangu alikuwa mezani anaandika hesabu za shule, mrefu, mabega yameanza kuwa ya mwanamume. Mama alikuwa amechemsha maziwa. Amezeeka sasa, anatembea ameshika ukuta, lakini ng'ombe bado anamkamua mwenyewe. Akanimiminia kikombe, akaniwekea mbele.

"Nasikia ulifika kwa Bwana Mifugo," alisema. "Hajambo?"

"Hajambo. Miguu tu."

"Alisema nini?"

Nilimtazama mwanangu, akanitazama naye, anangoja kusikia habari za safari. "Aliuliza kama ng'ombe anazaa bado."

Mama alisimama pale na sufuria mkononi, akiniangalia usoni muda mrefu. Nadhani aliona.

"Kunywa," alisema. "Yanapoa."

Nikayanywa yote.